John Newton: Nahodha wa meli ya watumwa aliyetunga wimbo wa neema

Wimbo wa neema ya ajabu hauhitaji kutambulishwa. Unaimbwa ibadani Jumapili, unaimbwa msibani jeneza likiwa mbele ya watu, na kwaya za vijana zimeurekodi kwa Kiswahili na kwa lugha nyingi za makabila yetu. Hata asiyekwenda kanisani akisikia sauti ya kwanza anajua ni wimbo gani.

Aliyetunga maneno yake anaitwa John Newton, Mwingereza aliyefariki zaidi ya miaka 200 iliyopita. Habari zake husimuliwa sana, na mara nyingi husimuliwa hivi: alikuwa nahodha wa meli ya watumwa, akapigwa na dhoruba, akatubu, akawafungulia watumwa wake wote, kisha akaketi na kuandika wimbo. Ni hadithi tamu. Tatizo ni kwamba sivyo ilivyokuwa.

Ukweli wa maisha yake ni mchungu kuliko hadithi hiyo. Lakini tunaamini kwamba ukweli huo ndio utakaomfaa zaidi mtu anayejiuliza leo: mimi niliyeanguka mara nyingi, Mungu anaweza kunitumia kwa kazi gani? Tumeamua kuusimulia wote, bila kumpamba mtu na bila kumficha.

Mtoto aliyeachwa mapema

John Newton alizaliwa mwaka 1725 huko Wapping, mtaa wa mabaharia jijini London, kandokando ya mto Thames. Baba yake alikuwa nahodha wa meli za biashara, mtu mkali asiyekaa nyumbani. Malezi yalikuwa mikononi mwa mama, Elizabeth, mwanamke mcha Mungu mwenye afya dhaifu. Alimfundisha mwanawe kusoma akiwa na umri wa miaka minne, akamkaririsha Biblia na nyimbo za ibada. Tumaini lake lilikuwa kwamba mtoto huyu siku moja awe mhubiri.

Mama huyo alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1732, John akiwa hajatimiza miaka saba. Baba akaoa mke mwingine, mtoto akapelekwa shule ya bweni kwa miaka miwili hivi, na alipofika miaka 11 akachukuliwa baharini kuanza kazi. Wahenga wetu wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu mama alianza kumfunza, kisha mauti yakamkatiza, na ulimwengu ukaendelea na mafunzo yake.

Alipokuwa na miaka 17 baba alimtafutia kazi nzuri huko Jamaika. Kabla ya kuondoka alikwenda kuwasalimu marafiki wa marehemu mama yake huko Kent, akamwona binti yao, Mary Catlett, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 14. Moyo wake ukanasa. Alikaa kwa wenyeji hao siku nyingi kuliko alizoruhusiwa, meli ikamwacha. Mapenzi hayo hayakumtoka maisha yake yote, lakini wakati ule yalikuwa moja tu ya mambo mengi aliyoyafanya bila kufikiri kesho.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akaingizwa katika meli ya kivita, kama ilivyokuwa desturi ya Uingereza ilipohitaji mabaharia. Baba akamfanyia mpango akapewa cheo kidogo. Badala ya kutulia, akatoroka. Walimkamata, wakamchapa viboko mbele ya wenzake, wakamvua cheo. Kufikia hapo alikuwa ameacha imani ya mama yake kabisa. Alikejeli mambo ya Mungu waziwazi, na kwa matusi hakuwa na mpinzani hata miongoni mwa mabaharia.

Aliyelishwa na watu wenye minyororo

Nahodha wa meli ile ya kivita alifurahi kumwondoa. Walipofika kisiwa cha Madeira mwaka 1745, Newton alibadilishwa na mabaharia wa meli nyingine iliyokuwa ikielekea Sierra Leone, Afrika Magharibi, kununua watumwa. Huko akaingia kazini kwa Mzungu mmoja mfanyabiashara wa watumwa aliyeishi katika visiwa vya Plantain. Alidhani ametajirika. Aliangukia shimoni.

Homa ilimlaza. Mwanamke Mwafrika aliyeishi na mfanyabiashara yule kama mke wake hakumpenda kijana huyu, akamnyima chakula na maji. Baadaye bwana wake naye akamshuku kuwa mwizi, akawa anamfunga mnyororo kwenye sitaha ya chombo kila aliposhuka pwani, akimwachia kipimo kidogo cha wali kwa siku nzima. Nguo zilimwishia mwilini. Usiku alinyemelea shambani kuchimba mizizi na kuila mbichi.

Hapa kuna jambo ambalo Newton mwenyewe aliliandika, na ambalo tunaomba msomaji alishike. Watumwa waliokuwa kwenye minyororo, wakisubiri kuuzwa, walimwonea huruma. Kwa siri walimegua kile kidogo walichopewa wao wakampelekea Mzungu huyu mgonjwa. Huenda asingepona bila wao.

Katika siku hizo alipewa kazi ya kupanda miche ya ndimu. Bwana wake alipita akamdhihaki kwamba labda siku moja atarudi akiwa nahodha, aje ale matunda ya miti hiyo. Miaka michache baadaye alirudi kweli, akiwa nahodha, akachuma ndimu za miti ileile. Lakini alikuwa amerudi kununua watu.

Usiku wa dhoruba

Baba yake hakumkatia tamaa. Aliwaomba wenye meli wa Liverpool wamtafute mwanawe, na mwaka 1747 meli iitwayo Greyhound ikampata. Haikuwa meli ya watumwa. Ilibeba dhahabu, meno ya tembo, nta na magogo ya rangi. Nahodha alimdanganya Newton kwamba kuna urithi unaomsubiri Uingereza, ndipo akakubali kupanda. Ndani ya meli alikuwa mzigo. Matusi yake yalimchosha hata nahodha, ambaye si mtu wa kushtuka upesi.

Mwezi Machi 1748, katikati ya Atlantiki ya kaskazini, dhoruba iliwakuta usiku. Newton aliamshwa na maji yaliyojaa chumbani mwake. Alipokuwa anapanda ngazi, nahodha akamrudisha akachukue kisu. Mtu aliyepanda badala yake alizolewa na wimbi papo hapo, hakuonekana tena. Ubavu wa meli ulipasuka. Walipiga pampu, wakaziba nyufa kwa nguo na matandiko. Kilichowaokoa wasizame ni shehena yao: nta na magogo ni vitu vyepesi, vinaelea.

Asubuhi ile Newton alitamka maneno ya kumwomba Mungu rehema, kisha akashtuka kujisikia. Kwa miaka mingi hakuwahi kuyatamka ila kwa dhihaka. Alipochoka pampuni aliwekwa kwenye usukani, akaushika hadi usiku wa manane, na saa hizo alizitumia kukumbuka mafundisho ya mama yake na kujiuliza kama mtu aliyemkejeli Mungu kiasi kile anaweza kusamehewa.

Meli haikuzama, lakini matanga yaliraruka na chakula kikawa karibu kuisha. Karibu wiki nne walielea wakigawana kipande cha samaki wa chumvi. Nahodha alianza kusema kwamba Newton ndiye Yona wao na kwamba angetupwa baharini mambo yangekuwa shwari. Hatimaye waliingia Lough Swilly, pwani ya Ireland, chakula chao cha mwisho kikiwa jikoni kinachemka. Tangu mwaka huo hadi uzee wake, kila tarehe 21 Machi, Newton aliitenga siku hiyo kwa sala na shukrani.

Sala juu, minyororo chini

Hadithi tamu huishia hapo. Maisha hayakuishia hapo.

Mwaka huohuo wa 1748, Newton aliyekwisha kutubu alipanda meli iitwayo Brownlow akiwa msaidizi wa nahodha, akarudi Afrika Magharibi kununua watumwa. Walipakia watu 218. Kabla ya kufika Carolina ya Kusini, Marekani, walikuwa wamezika baharini watu 62. Hesabu hiyo ilitoka kwenye kumbukumbu za safari alizoziandika kwa mkono wake.

Mwaka 1750 alimwoa Mary, yule binti wa Kent, na kati ya mwaka huo na 1754 alifanya safari tatu akiwa nahodha mwenyewe. Jumapili aliwakusanya mabaharia akawasomea sala. Usiku alimwandikia mkewe barua za mapenzi zilizojaa habari za Mungu. Alijifunza Kilatini kwa bidii. Na chini ya sitaha ile aliyopigia magoti, watu walilala wamebanana wakiwa wamefungwa wawili wawili kwa pingu. Mara moja, alipohisi kuna njama ya uasi, aliwabana watoto wa kiume kwa chuma cha kuminya vidole gumba ili waseme. Hilo nalo aliliandika katika kumbukumbu zake.

Aliwezaje? Swali hilo lilimsumbua mwenyewe uzeeni. Jibu sehemu moja ni mazingira. Biashara ya watumwa ilikuwa halali kwa sheria ya Uingereza. Wafanyabiashara wa Liverpool walioheshimika kanisani waliishi kwayo. Hata shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza lilimiliki mashamba ya miwa huko Barbados yaliyolimwa na watumwa. Newton hakumsikia mhubiri akikemea jambo hilo. Alihisi tu kwamba kazi yake inafanana na ya askari jela, akawa anaomba Mungu ampatie nyingine.

Lakini mazingira si jibu lote. Jibu lingine ni kwamba kutubu siku moja hakufungui macho yote siku hiyo. Aliacha matusi upesi. Aliacha uasherati. Dhambi zilizomwaibisha yeye mwenyewe aliziona. Iliyowaumiza wengine na kumlipa mshahara hakuiona. Wahenga wanasema kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Yeye alirudia safari baada ya safari, na alipofika Liverpool salama alitoa shukrani kanisani.

Wala hakuiacha kazi hiyo kwa dhamiri. Mwaka 1754, siku mbili kabla ya kusafiri tena, alianguka ghafla nyumbani akapoteza fahamu. Madaktari wakamkataza bahari. Akapata kazi ya ofisa wa ushuru katika bandari ya Liverpool.

Kasisi wa watu maskini

Akiwa Liverpool alianza kujifunza Kigiriki na Kiebrania ili asome Biblia katika lugha zake za asili. Akahisi anaitwa kuwa kasisi. Lakini nani angempokea? Hakuwa na shahada ya chuo kikuu, alikuwa na urafiki na Wamethodisti ambao wakubwa wa kanisa hawakuwapenda, na sifa zake za zamani zilijulikana. Kwa takribani miaka sita milango ilifungwa. Hatimaye mwaka 1764, kwa msaada wa bwana mmoja mwenye cheo aliyesoma habari za maisha yake, akawekewa mikono. Alikuwa na miaka 38.

Alipelekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini. Wengi wao, wanawake kwa watoto, waliishi kwa kufuma lesi kwa mikono katika vyumba vyenye giza na baridi. Wahubiri wengi wa siku hizo walizungumza juu ya vichwa vya watu kama hao. Newton aliwatembelea majumbani akiwa amevaa koti lake la ubaharia. Aliwafundisha watoto wao siku za wiki. Alipohubiri hakujifanya malaika, alisema wazi yeye ni nani na alitoka wapi. Watu walijaa hadi kanisa likaongezewa roshani ya kukalia.

Hapa ndipo udhaifu wake wa zamani ulipoanza kuwafaa wengine. Mwaka 1767 alihamia Olney mshairi William Cowper, mtu mwenye kipaji kikubwa na ugonjwa mzito wa huzuni. Kuna nyakati Cowper alijaribu kujiua, na kuna wakati aliamini kabisa kwamba Mungu amemtupa. Newton hakumkemea kwa imani haba. Mwaka 1773 hali ilipokuwa mbaya alimkaribisha nyumbani kwake, yeye na mkewe wakamtunza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtu aliyewahi kulala na njaa, homa na mnyororo alijua kwamba aliyezama hahitaji hotuba. Cowper hakupona kabisa. Lakini wawili hao waliandika pamoja kitabu cha nyimbo kilichotoka mwaka 1779, chenye nyimbo 348, na zaidi ya 60 kati yake ni za huyu aliyejiona ametupwa.

Wimbo ulitoka wapi

Newton alikuwa na desturi ya kutunga wimbo wa kwenda na mahubiri yake, kwa maneno mepesi ambayo mfuma lesi asiye na shule angeyashika. Kwa ajili ya ibada ya tarehe 1 Januari 1773 alichagua kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 17, pale Mfalme Daudi anapoketi mbele za Mungu akistaajabu kwamba yeye na nyumba yake wamefikishwa walipofika. Wimbo tunaouita wa neema ya ajabu ulitungwa kwa ibada hiyo.

Kwa hiyo haukuandikwa melini, wala usiku wa dhoruba. Ulitungwa karibu miaka 25 baadaye, na mtu mwenye mvi aliyekuwa akihesabu alikotoka. Uingereza haukupata umaarufu mkubwa. Ulivuka bahari hadi Marekani, na huko mwaka 1835 mwalimu wa nyimbo William Walker aliuchapisha ukiwa na sauti hii tunayoijua sote. Watu weusi wa Marekani waliuimba makanisani mwao wakaufanya wao. Wajukuu wa waliosafirishwa chini ya sitaha waliimba maneno ya mtu aliyekuwa juu ya sitaha.

Kijana mbunge agonga mlango

Mwaka 1780 Newton alihamishiwa kanisa la St Mary Woolnoth, katikati ya London. Desemba 1785 alipata mgeni aliyekuja kwa siri: William Wilberforce, mbunge mwenye umri wa miaka 26, ambaye utotoni alikuwa akimsikiliza Newton. Kijana huyu alikuwa ameanza kuamini upya, na aliona lazima aachane na siasa ili amtumikie Mungu.

Mhubiri mwingine angefurahi kumpata kasisi mpya. Newton alimshauri abaki bungeni, kwa kuwa huenda Mungu amemweka pale kwa kusudi. Wilberforce alibaki, na haukupita muda mrefu akaanza kazi iliyomaliza ujana wake: kupigania sheria ya kukomesha biashara ya watumwa.

Ungamo lililochelewa

Kazi hiyo ilihitaji shahidi. Wenye meli walikuwa wakisema bungeni kwamba watumwa husafirishwa vizuri, wanakula na kucheza ngoma. Nani angewabishia? Lazima awe mtu aliyeshika usukani wa meli hizo.

Mwaka 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, Newton alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa. Alianza kwa kukiri kwamba ungamo lake limechelewa mno, na kwamba itamwaibisha siku zote kukumbuka aliwahi kuwa chombo cha kazi ambayo sasa inamtetemesha moyo. Kisha akaeleza kila kitu: watu walivyopangwa chini kama vitabu kwenye rafu, aliyekufa alivyokutwa asubuhi amefungwa pingu na aliye hai, wanawake walivyokuwa mikononi mwa mabaharia, na hesabu ile ya watu 62 wa Brownlow. Wabunge walipelekewa nakala. Aliitwa pia kutoa ushahidi mbele ya baraza la mfalme na mbele ya kamati ya Bunge.

Tufikirie jambo hilo. Alikuwa amepita miaka 60. Alikuwa kasisi anayeheshimika. Angeweza kunyamaza afe na heshima yake. Aliamua kuyafungua madaftari ya aibu yake mbele ya taifa zima, kwa sababu aibu hiyo ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho.

Mke wake Mary alifariki Desemba 1790 baada ya kuugua saratani. Walikuwa wamekaa pamoja miaka 40, bila mtoto wa kuzaa, wakilea watoto wa ndugu. Yeye aliendelea kuhubiri hadi macho yalipoingia giza na kumbukumbu kumpotea katikati ya mahubiri. Alipoambiwa apumzike alikataa. Aliwaambia rafiki zake kwamba amesahau karibu kila kitu, ila mambo mawili: kwamba yeye ni mwenye dhambi mkuu, na kwamba Kristo ni Mwokozi mkuu.

Tarehe 25 Machi 1807 Uingereza ilipitisha sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika meli zake. Newton aliishi akaisikia habari hiyo. Alifariki tarehe 21 Desemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 82. Maneno ya kaburi lake aliyaacha ameyaandika mwenyewe, na hakuyaficha: yanasema kwamba aliwahi kuwa kafiri na mtumishi wa watumwa barani Afrika, na kwamba kwa rehema ya Kristo alisamehewa akawekwa kuihubiri imani aliyokuwa ameipiga vita.

Tunabaki na nini

Sisi wa Afrika Mashariki hatuwezi kusoma maisha haya kama habari za mbali. Watu takribani milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli za Atlantiki kutoka bara letu katika karne zile. Na pwani yetu ilikuwa na misafara yake. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, miaka 66 baada ya sheria ile ya Uingereza, na kanisa la Mkunazini likajengwa mahali pake. Wapo wasomaji wetu ambao babu zao walipita katika njia hizo.

Kwa hiyo hatutasema kwamba wimbo mzuri unafuta watu 62. Haufuti. Newton mwenyewe hakusema hivyo. Msamaha aliouamini kwa moyo wote haukumfanya asahau. Ulimpa nguvu ya kukumbuka kwa sauti.

Tukiyatazama maisha haya tunaona mambo matatu yanayoweza kumsaidia mtu aliyekata tamaa juu ya nafsi yake.

La kwanza, kugeuka ni safari. Aliyeokoka jana akajikuta leo bado ana hasira au uongo, asidhani kwamba hakuanza. Lakini asikae pia akiridhika na usiku wa dhoruba wakati chini ya sitaha yake bado kuna watu wanalia. Newton alichelewa miaka mingi, na kuchelewa kwake kuliwagharimu watu wengine.

La pili, mtu anaweza kuwa kipofu hasa pale panapompa riziki. Ni rahisi kutubu ulevi. Ni vigumu kutubu mizani iliyochezewa, kibarua asiyelipwa, shamba la mjane lililomezwa, au msichana wa kazi asiyepumzika. Kila mmoja wetu anaijua sitaha yake.

La tatu, kusudi la mtu wakati mwingine limelala ndani ya lile analolionea haya. Kwa sababu alikuwa mgonjwa mwenye njaa, alijua kumkalisha Cowper. Kwa sababu alikuwa nahodha, neno lake lilisikika bungeni. Mlevi aliyeacha pombe ndiye anayesikilizwa na mlevi. Mama aliyezaa akiwa shuleni ndiye anayejua kumwambia binti neno linaloingia. Kwa Mkristo hiyo ndiyo maana ya neema: Mungu hangojei chombo kisicho na ufa.

Na tuwakumbuke wale ambao majina yao hatuyajui, waliokuwa kwenye minyororo huko visiwa vya Plantain wakamegua chakula chao kumpa kijana mgeni. Hawakujua atakuja kuwa nani. Hawakuona malipo. Tunapouimba wimbo huu Jumapili ijayo, tuwaimbie na wao.